Kidude cha sukari mkononi mwa mama: siku kumi na moja, Wete

Nilipomwambia mama kwamba kaka analeta sensa kutoka Maskati, alinijibu, "Si walishatuhesabu mwaka 2022?" Sensa yenyewe ni kipimo cha sukari cha kubandika mwilini. Ikabidi tukiite kidude, na jina hilo ndilo lililobaki.

Mama ana kisukari mwaka wa kumi na nne huu, anajidunga insulini asubuhi na usiku. Vidole vimeota sugu kwa kutobolewa. Kidude chenyewe ni kiduara cheupe, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, kinabandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Ndani yake mna uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Nikampangusa kwa spiriti, nikakibana, kikalia "ta!", na mama akauliza naanza lini. Unasubiri saa moja, kisha simu inaanza kukusomea sukari. Kinakaa siku 14, halafu ni cha kutupa.

Faida yake niliiona siku ya pili tu. Mama anaapa kila siku kwamba chai yake ya asubuhi haina sukari, na kweli haina. Lakini anainywea boflo zima. Tukakaa barazani tunaitazama simu: 7.4 (mmol/L) kabla ya kula, saa moja na nusu baadaye 14.1, mstari umesimama kama mnazi. Habari za boflo nimemwambia miaka mingapi! Mstari ule ndio uliomnyamazisha. Kesho yake alikula nusu, na mayai mawili, ikaishia 10. Muhogo wa kuchemsha nao, tuliodhani sote ni salama, kumbe nao ni wale wale.

Sasa usiku. Saa nane simu ikapiga kelele: 3.1, sukari imeshuka mno. Nyumba nzima juu. Nikakoroga maji ya sukari, mama akanywa huku analalamika kwamba hana kitu, hatetemeki, hatoki jasho. Usiku wa pili ilipolia tena nikatoboa kidole kwanza: 6.7. Kumbe analalia mkono ule ule. Kidude hakipimi damu, kinapima majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi; ukiulalia mkono, yale maji yanasukumwa pembeni, nacho kinasoma sukari ya chini isiyokuwepo. Ndiyo maana pia sukari ikipanda au kushuka kwa kasi kinachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Mashine ya kidole msiitupe. Ila mgonjwa akitetemeka na jasho likimtoka, mpeni sukari kwanza, namba baadaye.

Kilichoniudhi zaidi ni gundi. Kwa joto hili la kaskazi, siku ya tisa ukingo ulianza kunyanyuka, nikazungushia plasta. Siku ya kumi na moja mama anavua buibui, kidude kikatoka pamoja na mkono wa nguo. Kikishatoka hakirudi. Siku tatu zikapotea hivyo hivyo, na bei ya kimoja inanunua paketi kadhaa za stripu, vile vijikaratasi vya mashine ya kidole.

Kukivaa mwaka mzima mimi sishauri, labda uwe na mfuko mpana. Kimoja kila baada ya miezi michache kinatosha kukuonyesha chakula gani kinakuponza, halafu unarudi kwenye kidole. Na simu uende nayo kliniki: daktari alipouona mstari wa alfajiri alibadilisha dozi ya usiku, jambo ambalo kidaftari chetu cha vipimo viwili kwa siku hakikuwahi kumwonyesha.

Cha pili kipo mlangoni mwa friji, maana boksi linataka kisizidi nyuzi 25, na nyumba yetu ya bati haishuki hadi huko hata usiku. Mama hataki nikibandike mpaka Ramadhani. Yeye hafungi tena, lakini futari anakula na watu, na kuna kaimati anazotaka kujua ukweli wake.