Maktaba ya chuo baada ya maboresho: uzoefu wangu kama mwanafunzi wa kazini

Nianze na lililonifurahisha, maana malalamiko yapo na nitayafikia. Mimi ni muuguzi, nimerudi darasani kutafuta digrii huku nikiendelea na kazi. Chuo chetu cha afya, huku Kanda ya Ziwa, kimeifanyia maktaba maboresho makubwa mwaka huu wa masomo. Matangazo yote yalikuwa picha za kompyuta mpya na geti la kielektroniki mlangoni. Kwangu hayo ni mapambo. Kilichobadilisha masomo yangu ni kimoja tu: sasa naingia kwenye hifadhidata za maktaba, yaani mikusanyo ya mtandaoni ya majarida na makala za kitaalamu, nikiwa nje ya chuo, kwa simu, hata saa nane usiku.

Kwa anayelala hosteli, hilo huenda si jambo kubwa. Lakini maktaba hufungwa saa mbili usiku, Jumamosi saa nane mchana, na Jumapili mlango una kufuli. Zamu ya jioni mimi naachana na wodi saa mbili na nusu. Hesabu mwenyewe. Sisi wanafunzi wa kazini tulikuwa tunalipia maktaba tusiyoikanyaga, halafu risechi tunaziandika kwa kuokoteza Google na kazi za waliotutangulia.

Kinachoshangaza ni kwamba hizo hifadhidata zenyewe si ngeni. Hinari, ile ya Shirika la Afya Duniani yenye majarida ya tiba, ipo tangu 2002. AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilifuata 2003, na leo zote ziko chini ya Research4Life, mpango wa kuzifikishia majarida taasisi za nchi zenye kipato kidogo, pamoja na za mazingira, teknolojia na sheria. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi hata senti. PubMed, hifadhidata ya Marekani ya kutafutia makala za tiba, nayo iko wazi bure kwa kila mtu tangu 1997. Haki ya kusoma majarida hayo tulikuwa nayo, ila njia ya kuyafikia ndiyo iliyokuwa mbovu. Nywila ya Hinari ilikuwa moja kwa chuo kizima, imeandikwa kwenye daftari la mkutubi, na hakuwa na ruhusa ya kuigawa ovyo kwa sababu masharti yanakataza isitoke nje ya taasisi. Unakwenda kaunta, anakuingizia yeye mwenyewe, unakaa palepale. Ukinyanyuka kwenda kunywa chai, ukirudi kiti kina mtu.

Sasa kila mwanafunzi ana akaunti yake. Mkutubi alinieleza inavyokwenda, nami nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini majarida yalikuwa yanafunguka chuoni na kugoma nyumbani. Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya intaneti ya taasisi. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo wanakufungulia bila maswali. Ukiwa na bando lako mwenyewe hawakujui. Mfumo mpya unakupitisha kwanza kwenye seva ya chuo: unaweka namba ya usajili na nywila yako, kisha ombi lako linatoka likiwa limebeba anwani ya chuo. Mchapishaji anakiona chuo. Wewe uliyeko kwenye kijichumba cha wauguzi na simu yenye kioo kilichopasuka hakuoni.

Niseme nilivyoitumia. Risechi yangu inahusu mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kabla ya kunifungulia akaunti, mkutubi alinikalisha akanionyesha namna ya kutafuta. Aliandika sentensi nzima kwenye PubMed, kama wengi wetu tunavyofanya, yakaja matokeo ambayo mtu hawezi kuyamaliza hata akistaafu. Akafuta. "Kaka, usiiandikie kama unapiga nayo stori," akaniambia. "Ipe maneno, halafu iambie maneno hayo yanahusianaje." Akaandika postpartum hemorrhage ndani ya alama za kunukuu, akaweka AND (yote mawili lazima yawemo), akaandika Tanzania, kisha akabana miaka iwe mitano ya karibuni. Orodha ikapungua hadi kiwango ambacho mtu mwenye mtihani wiki ijayo anaweza kukipitia. Akaongeza kwamba kwenye hifadhidata nyingine Waingereza huandika haemorrhage, kwa hiyo niweke zote mbili na OR (lolote kati yake) katikati, la sivyo nusu ya dunia itanipita. Hili darasa la muda mfupi nalihesabu kuwa huduma bora kuliko kompyuta zote mpya zikijumlishwa.

Usiku mmoja wa zamu, akina mama wamelala, nikaupata ule utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023 kwenye New England Journal of Medicine. Nilikuwa nimeusikia ukitajwa kwenye mafunzo kazini, lakini kusikia na kusoma ni vitu viwili. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Badala ya kukadiria damu kwa macho, waliweka chini ya mama plastiki yenye mistari ya vipimo, na damu ikizidi, tiba zote zinatolewa kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Damu kupotea kupita kiasi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu yake au kufariki: asilimia 1.6 upande wa mpango mpya, 4.3 upande wa huduma ya kawaida. Nilisoma hadi majedwali, nikaupakua, asubuhi nikamwonyesha mkuu wa wodi. Kwa utaratibu wa zamani ningeusoma lini?

Jingine la kusifia: kwenye ukurasa wa maktaba wameweka African Journals Online, mkusanyo wa majarida ya Afrika, karibu na hayo makubwa ya nje. Wapo waalimu wanaoona makala ya jarida la Afrika ni ya daraja la pili. Mimi naona kinyume. Ukitaka kujua kituo cha afya cha wilayani kinakwamia wapi, Tanzania Journal of Health Research itakusaidia mapema kuliko jarida la Boston.

Kuhusu kuazima vitabu, wamehamia kwenye Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanzia maktaba ya New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Vyuo vingi Afrika vinaitumia kwa kuwa haina ada ya leseni. Unatafuta kitabu kwenye simu, unaongeza muda bila kwenda kaunta, na siku ya kurudisha ikikaribia unaletewa ujumbe kwenye baruapepe. Safi. Ila programu inajua kile ilichoambiwa tu. Nimeshaambiwa kitabu cha famakolojia kipo rafuni, nakala mbili, nikaenda, hakuna hata moja, na mhudumu ananijibu "basi kitakuwa kimepotea, kaka" kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Kabla ya kuhamisha rekodi walipaswa kuhesabu vitabu rafu kwa rafu. Hawakuhesabu, au walihesabu wakiwa na haraka.

Vitabu vya kielektroniki vina shida yake. Chuo kimenunua leseni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja kwa vitabu vinavyotakiwa zaidi. Kwa hiyo wiki ya mitihani unakuta foleni ya kitabu kisicho na karatasi. Naelewa leseni za watu wengi ni ghali, lakini basi wangenunua vitabu vichache zaidi vinavyosomeka kuliko orodha ndefu ya kuonyesha wageni.

Mfumo wa kuingia ukiwa nje nao hauna subira. Mama akipiga kengele, ukienda kumhudumia na kurudi, umeshatolewa, uanze upya namba ya usajili na nywila, na utafutaji wako umefutika. Nimejifunza kupakua makala mara tu ninapoiona. Usalama ni muhimu, sikatai, ila dakika chache hivyo zimepangwa na mtu anayesomea ofisini.

Geti la mlangoni linalia kwa vitabu vilivyoazimwa kihalali na mlinzi amezoea, hata hanyanyui kichwa. Kompyuta mpya ni nzuri hadi umeme ukatike. Jenereta inawasha taa na feni, kompyuta hazimo. Programu ya kukagua ufanano wa maandishi inafanya kazi, lakini ilinihesabia kuwa nimenakili hadi maneno ya fomu ya ridhaa, ambayo sote tunapewa na kamati ya maadili na haturuhusiwi kuyabadilisha. Msimamizi wangu aliielewa ripoti ile. Msimamizi wa mwenzangu alisoma asilimia tu, akamrudishia kazi.

Kwa mwanafunzi wa kazini anayetaka kuanza: akaunti ya kuingilia ukiwa nje haifunguliwi kwa simu. Lazima uende mwenyewe na kitambulisho cha chuo, na baruapepe yako ya chuo iwe hai, kwa sababu ujumbe wa kuweka nywila unakwenda huko na unakufa baada ya muda mfupi. Panga siku yako ya mapumziko, nenda asubuhi katikati ya wiki, na usingoje msimu wa kuandika pendekezo la utafiti. Wakati huo mkutubi ni mmoja na foleni inafika ngazini. Ukifika, usiridhike na nywila peke yake. Mwombe akukalishe akuonyeshe kutafuta. Haijaandikwa popote kwamba anafundisha, lakini ukimwomba anafundisha, na hana haraka.