Zenoni ya wati 35 kwenye fulaiti ya Harrier: uzoefu wangu

Nimefunga zenoni kwenye fulaiti, yaani taa za kumulika mbali, za Toyota Harrier, toleo lile lililoanza 2003 ambalo Bongo wanaliita tako la nyani. Seti yenyewe ni ya balbu za HB3 (jina la aina ya shingo ya balbu), wati 35, rangi ya 4300K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), balasti nyembamba za AC (viboksi vinavyoipa balbu umeme wake) na waya wake wenye rilei (swichi inayoamshwa na umeme). Mwanga umeongezeka, hilo halina ubishi. Ila fulaiti ni taa ya kuwasha na kuzima kila mara, na zenoni ndiyo taa isiyovumilia kuwashwa na kuzimwa. Anayetaka kufunga alipime jambo hili kabla ya kuuliza bei.

Halojeni, balbu ya kawaida ya gari, ina waya mwembamba ndani. Umeme ukipita, waya unawaka papo hapo. Zenoni haina waya. Balasti inapiga shoti ya takribani volti 23,000 kati ya ncha mbili zilizomo kwenye kijichupa cha gesi. Cheche ikishika, volti zinashuka hadi 85 hivi, kisha balbu inahitaji sekunde kadhaa ipate joto ndipo mwanga ukamilike. Kanuni namba 99 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu balbu za aina hii, inataka balbu iliyo baridi ifike robo ya mwanga wake ndani ya sekunde 1, na asilimia 80 ndani ya sekunde 4. Hapo tunazungumzia balbu za kiwandani zilizopimwa. Seti nyingi za dukani zinachelewa zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90 za lami.

Kwenye dimu, taa za kumulika karibu, kuchelewa huko hakumsumbui mtu, maana dimu huwashwa jioni na kuzimwa ukifika. Fulaiti ni habari nyingine. Ukitoka Mtito Andei kwenda Voi usiku, au ukikatiza Mikumi kuelekea Iringa, malori yanakuja mfululizo: unadimu, linapita, unarudisha, mwingine anatokeza kwenye kona. Balbu iliyo moto hurudi haraka kuliko iliyo baridi, lakini kila kuwashwa ni shoti nyingine ya maelfu ya volti, na ncha za balbu huliwa zaidi wakati wa kuwashwa kuliko wakati wa kuwaka. Halafu huku kwetu fulaiti ni lugha ya barabarani. Tunaipiga kumwambia mwenzako apite, kumtahadharisha kuna ng'ombe mbele, kumkumbusha hajadimu. Zenoni iliyopoa ukiipiga mara moja ya haraka inatoa mmeko hafifu wa bluu ambao dereva wa mbele huenda asiuone kabisa. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, na hakuna seti itakayoiondoa, iwe ya bei gani.

Kabla ya kununua chochote, chukua mita ya umeme upime volti kwenye soketi ya balbu, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka, injini ikiunguruma. Kwenye betri utapata 13.8 hadi 14.4. Kwenye soketi ya gari lenye umri, waya umechoka na kontakti zimeshika kutu, usishangae ukikuta 12 au chini yake. Mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe: kutoka 13.2 hadi 12 unapoteza zaidi ya robo ya mwanga. Mwenye gari la namna hiyo anachohitaji ni rilei mbili, waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye betri, na balbu mpya za HB3 za wati 60. HB3 nzuri ikipata volti 13.2 inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,860 hivi, inawaka papo hapo, na unaweza kuipiga mara mia bila kuidhuru. Nawashauri wengi waishie hapo.

Ukiamua kuendelea, chagua hivi. Chukua wati 35 na uachane na zile za 55. Wati 55 huzidisha joto la balbu na kuchosha balasti, na baada ya muda kiakisi cha ndani ya taa hupata ukungu wa rangi ya maziwa. Rangi chukua 4300K. Huo ndio mwanga wenye lumeni nyingi kuliko rangi nyingine. Balbu ya kiwandani ya D2S ya rangi hiyo inatoa 3,200. Ukipanda 6000K mwanga unapungua, ukifika 8000K umenunua bluu, na mvua ikinyesha lami inameza yote. Balasti iwe ya AC (umeme unaogeuza mwelekeo), si ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Ya AC mara nyingi ina kijiboksi cha pili cha kurushia cheche katikati ya waya. Ya DC huja boksi moja jepesi, taa inachezacheza na upande mmoja wa ncha unaliwa mapema. Balbu itikise karibu na sikio: ikigonga ndani, iache dukani. Angalia pia kama shingo ni ya chuma au plastiki, na kama kijichupa kimenyooka. Kikiwa kimepinda hata kidogo, kitovu cha mwanga kimehama na hakuna skrubu ya kukirekebisha.

Kufunga kwenyewe

Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Vaa glavu safi, maana mafuta ya vidole kwenye kioo cha balbu huungua na kukipasua. Ukikigusa kifute kwa spiriti. HB3 hutoka kwa kuzungushwa robo mzunguko kinyume na saa. Uzuri wake ni kwamba balbu yenyewe ndiyo inayoziba taa kwa mpira wake wa mviringo, kwa hiyo kwa kawaida hutoboi mfuniko wowote. Magari yenye H1 au H7 yana mfuniko wa nyuma unaopaswa kutobolewa tundu la milimita 22 hadi 25, kutegemea mpira uliokuja na seti, na tundu hilo lisipozibwa sawasawa vumbi la barabara ya changarawe linajaa kwenye kiakisi. Kagua mpira wa balbu mpya. Ukiwa mwembamba kuliko wa zamani, hamishia wa zamani.

Balbu ikishakaa, ule waya wa kurudishia umeme unaopita nje ya kijichupa, wenye ganda jeupe, uwe upande wa chini. Ukikaa pembeni au juu unatupa kivuli ndani ya mwanga wako.

Balasti zifungwe kwa bolti kwenye chuma, plagi zikitazama chini ili maji yasikae. Ule utepe wa gundi wa pande mbili unaokuja na seti hauwezi joto la boneti; balasti inadondoka, inaning'inia kwa waya, na safari imeishia hapo. Ziweke mbali na rejeta na eksozi. Waya wa volti kubwa kutoka kwenye kijiboksi hadi kwenye balbu usiurefushe wala kuufunga pamoja na waya za sensa au za redio, la sivyo FM itakoroma kila ukiwasha.

Sasa umeme, sehemu ambayo mafundi wengi wanaharakisha. Balasti mbili za wati 35 zikishatulia zinakula kidogo kuliko halojeni, ila sekunde za mwanzo zinavuta mara mbili ya hapo au zaidi. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya taa, fyuzi ya kiwandani itakatika siku usiyoitarajia, na kuweka fyuzi kubwa zaidi kwenye waya uleule mwembamba ni kukaribisha moto. Tumia rilei: mguu wa 30 unapokea chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampia 30 iliyokaa karibu na betri, wa 87 unapeleka kwenye balasti, 85 na 86 zinakwenda kwenye soketi ya zamani ya fulaiti kama kiamshio tu. Hasi za balasti zifungwe kwenye bodi, pale uliposugua rangi hadi chuma king'ae, kisha upake grisi kuzuia kutu.

Toyota nyingi hukata umeme wa taa upande wa hasi. Chomoa balbu, washa dimu, pima matundu ya soketi ya fulaiti. Tundu moja likiwa na volti 12 hata fulaiti haijawashwa, gari lako ni la aina hiyo. Hapo nyaya zote mbili za 85 na 86 ziende kwenye soketi. Ukiipeleka moja kwenye bodi, fulaiti itawaka na haitazimika. Na rilei ikiwa na dayodi ndani, chanya na hasi haziwezi kubadilishana.

Walioko Marekani na Kanada wana mtego wa ziada. Magari mengi ya Toyota yaliyouzwa huko huwasha fulaiti kwa umeme uliopunguzwa kama taa za mchana. Rilei ikipokea volti 6 inatetemeka, balasti zinawaka na kuzimika mfululizo hadi zife. Zima kwanza mfumo huo wa taa za mchana, au achana na mradi mzima. Gari likiwa na kompyuta inayokagua balbu, onyo litawaka kwenye dashibodi, nalo hunyamazishwa na kapasita na rezista zinazouzwa kama waya wa kanbasi (CANbus, mtandao wa kompyuta za gari). Rezista hiyo inapata moto mkali, isiguse plastiki wala waya mwingine.

Mwanga ulivyo

Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani kwenye sehemu tambarare, bandika utepe kwenye urefu wa katikati ya taa, washa fulaiti usubiri dakika nzima. Kitovu cha mwanga kinapaswa kukaa kwenye utepe au chini yake kidogo. Kikiwa juu, usikimbilie skrubu. Kwenye taa nyingi skrubu moja husogeza dimu na fulaiti pamoja, ukishusha fulaiti umeharibu dimu. Kosa liko kwenye balbu: haijakaa hadi mwisho, au shingo yake haikuundwa kwa vipimo sahihi.

Barabarani faida inaonekana pembeni zaidi kuliko mbali. Vichaka, watembea kwa miguu, punda aliyesimama nje ya lami, vyote vinajitokeza mapema, na vibao vinang'aa. Umbali umeongezeka pia, ila kidogo kuliko lumeni zinavyoahidi, kwa sababu kiakisi kilichongwa kwa waya wa halojeni na cheche ya zenoni ina umbo lake, imejikunja kidogo kwenda juu. Kuna jambo linalowadanganya wengi: lami iliyo mita 20 mbele yako ikimulikwa sana, mboni ya jicho inajikaza na unaona mbali vibaya zaidi, huku ukiamini unaona vizuri. Kwenye vumbi au ukungu usiiwashe kabisa, unajipiga mwenyewe machoni. Na ukikutana na gari, dimu mapema kuliko ulivyozoea, mwenzako anaupokea mwanga huu kwa ukali usiolingana na halojeni.

Taa ikisumbua, badilisha kushoto na kulia kabla ya kununua spea. Ugonjwa ukihama na balbu, ni balbu. Ukibaki palepale, hamisha balasti. Ukiendelea kubaki, ni waya au hasi mbovu. Mwanga ukigeuka wa waridi au zambarau, ukawa unazimika wenyewe na kurudi, balbu imefika mwisho. Nunua mbili kwa pamoja, moja mpya na moja nzee hazitafanana rangi. Inayowaka sekunde moja na kuzimika mara nyingi inakosa volti, rudi kwenye hasi na fyuzi. Kamwe usifungue plagi ya balbu taa ikiwa imewashwa. Balbu nyingi hizi zina zebaki kidogo ndani, iliyokufa usiivunje wala kuwaachia watoto.

Uingereza, gari lenye taa za halojeni zilizogeuzwa kuwa zenoni linafeli ukaguzi wa MOT, na Marekani seti hizi hazikidhi kanuni ya taa FMVSS 108. Huko usipoteze pesa.

Kwa anayesafiri usiku mara kwa mara, pendekezo langu ni kuacha HB3 za halojeni mahali pake kwa ajili ya kupiga, na zenoni uifunge kwenye spotilaiti mbili juu ya ngao, taa zilizoundwa kwa zenoni tangu mwanzo, zikiamshwa na fulaiti kupitia swichi ya dashibodi. Malori yakiwa mengi unaizima swichi, barabara ikiwa tupu unaiwasha na kuiacha itulie. Njia ya pili ni projekta ya baizenoni: zenoni inawaka muda wote kama dimu, na kijibati kidogo kinachovutwa na sumaku kinafunguka ukitaka fulaiti, kwa hiyo hakuna cha kusubiri. Kazi yake ni kubwa kwa sababu taa lazima ifunguliwe kwa joto na kuzibwa upya.

Seti niliyofunga naipa nyota tatu kati ya tano. Balasti na rilei zimestahili bei. Nyota mbili zimeondoka kwa sababu ya mahali ilipowekwa. HB3 za zamani zikae kwenye boksi lake ndani ya gari: soketi ya kiwandani haijakatwa, ukichomoa plagi ya rilei na kurudisha halojeni, kwa dakika chache fulaiti ya kawaida imerudi.