Nimemaliza kozi ya CAD na printa ya 3D ya wiki 8, maoni yangu haya hapa

Kabla sijajiunga nilitafuta sana mtu aliyeipitia hii kozi aniambie ukweli nikakosa, so naandika kirefu kidogo ili anayefuata asihangaike kama mimi. Ni kozi ya wiki 8 ya kuchora kwa kompyuta na kutengeneza sampuli za haraka, zile wanaziita prototaipu. Nenda, ila kuna vitu itabidi ujifundishe mwenyewe, nitavisema huko chini.

Wiki ya kwanza hamna kompyuta kabisa. Mwalimu alikuja na boksi la vitu vilivyovunjika, akagawa kalipa (kile kifaa cha kupimia upana na unene kwa usahihi), kila mtu achague kimoja au alete cha kwake, akipime, akichore kwa penseli mbele, juu na ubavuni. Mi nilikua na multimita (kipima umeme) imepotea mfuniko wa betri nikaamua huo ndo mradi wangu. Watu walinung'unika, tumekuja kujifunza programu sio penseli. Lakini jamani hiyo wiki ndo imenisaidia kuliko zote, maana ukishaingia kwenye kompyuta haikuulizi kama kipimo ni cha kweli, ukiandika 31 inakuchorea 31 safi kabisa hata kama kitu chenyewe ni 31.6 na utakuja kujua wakati umeshapoteza plastiki.

Programu tuliyotumia ni FreeCAD, ya bure na huria. Hakikisha una toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 au la baada ya hapo, kwa sababu zamani ukirudi kubadilisha skechi ya mwanzo (mchoro bapa unaoanzia), vile vipande ulivyojenga juu yake vilikua vinapoteza mahali vilipoegemea na modeli nzima inaharibika, toleo hilo limelipunguza sana hilo tatizo. Wenzetu waliotoka kwenye programu nyingine za CAD, Fusion na SolidWorks, walizoea haraka kwa sababu mantiki ni ile ile, unachora skechi bapa, unaifunga kwa vipimo na masharti (huu mstari uwe sambamba na ule, hili tundu likae katikati) mpaka hamna kinachoweza kusogea, ndo unaivuta ipate unene. Ikishafungwa kabisa inageuka kijani, na mwalimu hapokei skechi ambayo haijawa kijani, hata ungemwomba vipi. Mwanzoni niliona ananisumbua bure, mpaka siku nilipobadilisha unene wa mfuniko kutoka milimita 2 kwenda 2.4, namba moja tu, na kila kitu kikajipanga chenyewe bila kuguswa. Nilifurahi siku ile sijui nisemeje.

Sasa kwenye kuprinti. Printa ni zile za kuyeyusha uzi wa plastiki, pua ya milimita 0.4, tabaka za 0.2, plastiki ya PLA kwenye nyuzi joto 200 hivi. Mfuniko wangu wa kwanza haukuingia. Kwenye kompyuta mfuniko na nafasi yake nilivichora saizi sawasawa, na mi nikaona ndo usahihi wenyewe, kumbe plastiki hua inatoka imetanuka kidogo na matundu yanatoka madogo kuliko yalivyochorwa, lazima uache nafasi, kwa printa zetu 0.2 hadi 0.3 kila upande ilitosha. Wa pili ukaingia vizuri, nikaufunga, nikaufungua, kile kiulimi cha kubania kikakatika pale pale. Hapo mwalimu alisimamisha darasa zima. Akakishika kipande kilichokatika akatuonyesha kimekatika sehemu moja iliyonyooka, katikati ya tabaka na tabaka, kwa sababu niliuprinti ulimi ukiwa umesimama wima na kila tabaka ikawa mahali pa kukatikia. Kitu cha printa hii kina nguvu kufuata tabaka, kuzivuka hakina. Wa tatu nikaulaza ubavu, nikaweka mviringo wa milimita 1 pale ulimi unapoanzia ili nguvu isijikusanye kwenye kona, na nikahamia plastiki nyingine, PETG, ambayo inapinda zaidi kabla ya kukatika. Umekaa. Mfuniko mmoja unachukua kama dakika 40, kwa hiyo makosa mawili na dawa zake vyote viliisha siku moja, na hapo ndo nikaelewa kwa nini wanaita sampuli za haraka.

Kulikua na kipindi kifupi cha historia pia nilikipenda. Chuck Hull alipata hataza (patent, haki ya mvumbuzi) ya printa ya resini, ile ya plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga, mwaka 1986, ya hii ya kuyeyusha plastiki ni ya Scott Crump, ilitolewa 1992 na ikaisha 2009, na kwa kuwa Adrian Bowyer alikua ameshaanzisha RepRap, mradi wa printa ya 3D ya kujitengenezea, kule Chuo Kikuu cha Bath tangu 2005 na michoro iko wazi kwa kila mtu, baada ya hapo printa za mezani zikajaa na bei ikashuka.

Mapungufu sasa. Tulikua watu 14 kwa printa 3, moja mbovu nusu ya kozi, kuna siku nimekaa foleni mpaka kipindi kimeisha. Kipindi cha kukata vitu kwa leza kilikua kimoja tu na kilikimbizwa, onyo la kwamba plastiki ya PVC haikatwi kwa leza kabisa lilisemwa kwa sentensi moja wakati wengine wanaongea, na ile plastiki ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi inayodhuru mapafu na kula mashine. Hilo lilipaswa kubandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mchoro wa kiufundi wenye tolaransi (kipimo kinaruhusiwa kupishana kwa kiasi gani) haujafundishwa kabisa, na huwezi kumpelekea fundi wa mashine kazi bila huo. Na faili la kupeleka kwenye printa, tuliambiwa tu toa la aina ya STL. Hamna aliyetueleza kwamba STL ni pembetatu tupu, haisemi vipimo ni vya inchi au milimita, mwenzangu mmoja alichora kwa inchi printa ikasoma milimita kikatoka kitu kidogo mara 25.4. Ukimtumia mtu kazi aiendeleze mpe faili la STEP, lenyewe linabeba umbo halisi na vipimo vyake.

Nimewapa nyota 4 kati ya 5. Yote haya nimewaandikia pia wao wenyewe, na nimewaambatanishia picha ya mifuniko yote mitatu.