Tovuti ya matokeo ya Tume ya Uchaguzi ya India: tathmini ya mfuatiliaji wa Kampala

Huduma ninayoitathmini ni tovuti ya matokeo ya Tume ya Uchaguzi ya India, ambayo kila jimbo la nchi hiyo linapochagua bunge lake hutoa hesabu ya kura raundi kwa raundi, yaani fungu moja la mashine baada ya jingine, hadi mshindi atangazwe. Nimeupima ubora wake kwa uchaguzi wa jimbo la Gujarat wa Desemba 2022, kwa kuwa Waganda wengi wenye asili ya Kihindi wana mizizi huko, wakiwamo waliofukuzwa nchini mwaka 1972 wakarejea baadaye, na habari za miji yake ya Porbandar au Rajkot bado zinawagusa ndugu zao walioko Kampala na Jinja.

Siku ya kuhesabu, kazi huanza saa mbili asubuhi kwa saa za India, yaani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwetu. Kura za posta hutangulia, na nusu saa baadaye ndipo hesabu ya mashine za kupigia kura huanza. Jambo hili linafaa kujulikana mapema, maana anayefungua tovuti kabla ya mapambazuko huenda akaona chama fulani kikiongoza kwa kura chache tu za posta na akadhani huo ndio mwelekeo wa jimbo zima. Ukurasa wa mwanzo unasomeka kwa urahisi hata kwenye simu ndogo: kila chama kimeandikiwa maeneo bunge kilikoshinda, kinakoongoza, na jumla yake. Uzuri wenyewe, hata hivyo, umo ndani. Ukichagua eneo bunge moja, unamkuta kila mgombea na kura zake za mashine, kura zake za posta, jumla na asilimia, na chini yao wote kuna kura za waliowakataa wagombea wote, haki ambayo wapiga kura wa India walipewa mwaka 2013 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Huko Gujarat mwaka 2022 kura za namna hiyo zilizidi 500,000, nami naona ni heshima kubwa kwa mpiga kura kwamba hata kukataa kwake kunahesabiwa na kuandikwa hadharani.

Safu ya kura za posta inastahili maelezo zaidi. Katika uchaguzi wa 2017, eneo bunge la Dholka lilichukuliwa na Bhupendrasinh Chudasama wa chama cha Bharatiya Janata (BJP) kwa tofauti ya kura 327. Mpinzani wake wa chama cha Congress alikwenda mahakamani, na Mei 2020 Mahakama Kuu ya Gujarat ikaubatilisha ushindi huo baada ya kuona kwamba kura 429 za posta zilikataliwa kinyume cha sheria, idadi iliyozidi tofauti yenyewe. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu ya nchi ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Kwa hiyo kutenganisha kura za posta na za mashine kunamwonyesha msomaji hasa mahali ambapo ushindi mwembamba unaweza kupingwa. Kasoro ni kwamba safu hiyo inahusu kura zilizokubaliwa tu. Zile zilizokataliwa, ambazo ndizo zilizozua kesi ya Dholka, mtu hana budi kuzitafuta kwingine.

Matokeo ya 2022 yenyewe yalikuwa ya kishindo. BJP ilipata viti 156 kati ya 182, ikaivunja rekodi ya viti 149 ambayo Congress iliiweka mwaka 1985. Congress, iliyokuwa na 77 mwaka 2017, ilibaki na 17, na chama cha Aam Aadmi kikapata 5. Tovuti inaweka asilimia za kura karibu na idadi ya viti, na hapo msomaji anajionea mwenyewe jinsi mfumo wa anayeongoza kuchukua kiti unavyofanya kazi: Congress ilipata takriban asilimia 27 ya kura, lakini viti vyake havikufika hata sehemu ya kumi ya bunge, na kwa sababu hiyo ikanyimwa nafasi rasmi ya kiongozi wa upinzani. Porbandar, katikati ya wimbi hilo, ilimchagua Arjun Modhwadia wa Congress, ambaye mwaka 2024 alihamia BJP.

Palipopungua pakubwa ni kwenye takwimu za kila kituo. Gujarat ilikuwa na vituo zaidi ya 51,000, lakini siku ya matokeo tovuti inaishia kwenye eneo bunge, na fomu zenye hesabu za vituo hutolewa baadaye na ofisi ya uchaguzi ya jimbo. Uganda tunahesabu kura palepale kituoni, mbele ya wananchi na mawakala, na wakala huondoka na nakala ya fomu ya matokeo. Msingi huo ni imara kuliko wa India kwa macho yangu. Shida yetu huanza kura zinapojumlishwa: Januari 2021 intaneti ilifungwa nchini kote kuanzia mkesha wa uchaguzi hadi tarehe 18, na mwananchi wa Soroti hakuwa na njia ya kulinganisha fomu ya kituo chake na hesabu za Kyambogo, kilikokuwa kituo cha taifa cha kujumlisha kura, kupitia simu yake.

Kasi nayo imewahi kulalamikiwa. Oktoba 2024, katika uchaguzi wa jimbo la Haryana, Congress ilidai kwamba takwimu zilichelewa kupandishwa, nayo Tume ikayakana madai hayo. BJP ilishinda viti 48 dhidi ya 37, huku vyama hivyo vikitofautiana kwa chini ya asilimia moja ya kura.

Naipa nyota nne kati ya tano. Gujarat inatarajiwa kupiga kura tena mwaka 2027, na atakayefuatilia kutoka hapa namshauri aupite ukurasa wa vyama, afungue orodha ya maeneo bunge, na kabla ya kumpongeza yeyote atazame ni raundi ngapi zimekwisha kuhesabiwa.