Kichujio cha maji Nairobi: cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Kabla ya kulinganisha bei, jua maji yako yanatoka wapi. Maji ya kanjo hutoka hasa katika bwawa la Ndakaini na kusafishwa Ng'ethu, na floraidi yake ni kidogo. Tatizo lake liko njiani: wakati wa mgao presha hushuka, uchafu ukaingia penye bomba lililopasuka, kisha maji yakalala kwenye tangi lisilofunikwa vizuri. Maji ya kisima kirefu huwa na tatizo jingine. Miamba ya volkano huyatia floraidi, na visima vingi vya jiji hupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Huioni wala kuinusa, lakini mtoto anayeyanywa kabla ya kufika miaka 8 hivi huota meno ya ukubwani yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu mifupa. Maji ya bauza yahesabu kuwa ya kisima mpaka upimaji uonyeshe vingine.

Kwa hiyo pesa za kwanza ziende maabara, hasa ukiwa na watoto. Tafuta iliyoidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya la kuidhinisha maabara, uombe floraidi, naitreti na E. koli, bakteria wa kinyesi. Sampuli ya floraidi iwe kwenye chupa safi ya plastiki. Ya vijidudu hutiwa kwenye chupa tasa ya maabara: pangusa mdomo wa mfereji kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika 2 au 3, usisuuze chupa, acha nafasi ya hewa juu, uifikishe ikiwa kwenye barafu ndani ya saa 6. E. koli inatakiwa iwe sufuri katika mililita 100.

Maji ya kanjo. Nafasi ya kwanza tunaipa klorini, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote: tembe ya miligramu 67 kwa lita 20 za maji maangavu, ngoja dakika 30, uhifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko na mfereji. Hakuna mashine inayoyalinda maji baada ya kuchujwa. Klorini inayobaki huyalinda. Ya pili ni kichujio cha mishumaa ya kauri. Huzuia bakteria vizuri, virusi si vya kutegemea. Isugue kwa mswaki mpya bila sabuni, na ukiona ufa, hata mwembamba, badilisha. Ya tatu ni taa ya UV, yenye miale inayoua vijidudu, ambayo hudai umeme na maji yasiyo na tope. Kuchemsha kunatosha pia: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na dakika moja ya kutokota huua vijidudu.

Maji yenye floraidi. Hapa orodha inageuka kabisa. Klorini, kauri, UV na makaa ya kawaida haviiondoi. Kuchemsha huizidisha, kwa kuwa mvuke hutoka na floraidi hubaki. Ya kwanza ni mashine ya RO, inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando wenye matundu madogo sana, lakini uliza mambo mawili kabla ya kulipa. Je, ina pampu? Utando wake unataka presha ya bar 3 hadi 4, na tangi lililo mita 3 juu ya mfereji hutoa bar 0.3 tu. Na inamwaga kiasi gani? Nyingi hutupa lita 2 hadi 4 kwa kila lita ya kunywa. Yakinge ya kupigia deki, usiyanywe. Chujio za mwanzo hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12. Ile ya makaa ikichoka, klorini hupita na kuula utando. Ya pili ni kichujio cha makaa ya mifupa. Hakihitaji umeme, ila hujaa bila dalili yoyote, hivyo pima floraidi kila baada ya miezi michache.

Muuzaji akitumbukiza vyuma vya umeme kwenye maji yako yakageuka kahawia, usiogope: hiyo ni kutu ya vyuma vyake. Maji ya RO hubaki maangavu kwa sababu hayana chumvi ya kupitisha umeme. Kipimo cha TDS nacho hujumlisha chumvi zote pamoja. Hakikwambii floraidi ni kiasi gani wala hakioni kijidudu hata kimoja. Dai karatasi ya maabara ya maji yaliyopita kwenye mashine anayokuuzia, na baada ya kuifunga kwako, peleka sampuli yako mwenyewe.