Mafuta ya mtondoo mazuri, kibandiko kimetiwa chumvi

Duka hili la dawa za asili lipo huku Ngamiani, Tanga. Jina naliacha kwa sababu ya kibandiko. Nilifuata mafuta ya mtondoo, ule mti wa pwani ambao kokwa zake hukamuliwa mafuta; visigino vilikuwa vimepasuka. Chupa ndogo elfu sita. Ni yenyewe hasa: mazito, ya kijani kilichokolea, na harufu yake kali ya kokwa. Hayakuchanganywa na mafuta ya kupikia kama ya wale wanaotembeza barabarani. Visigino vimefunga, haki yao nawapa.

Sasa kibandiko: "Huua virusi vyote, hata vya UKIMWI." Mimi nimestaafu kazi ya maabara, hilo halikunipita kooni.

"Mwanangu, nani kawaambia haya?"

"Mama, Wazungu wameupima huo mti!"

Na kweli umepimwa, hapo ndipo wanapowapata watu. Mwaka 1993 watafiti walichapisha kwamba viambato viitwavyo inofilamu, vilivyotolewa kwenye mtondoo wa Malaysia, vinazuia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) ambacho VVU hukitumia kugeuza RNA, yaani maelekezo yake ya urithi, kuwa DNA, aina ya maelekezo yaliyomo kwenye seli zetu. Kikizuiwa hicho, kirusi hakiwezi kujipachika kwenye DNA ya seli. Mti jamaa ya mtondoo kutoka Sarawak, hukohuko Malaysia, ulitoa kiambato kiitwacho kalanolaidi A, inayobana kimeng'enya hichohicho. Ilifikia kujaribiwa kwa watu, na mpaka leo haijaidhinishwa kuwa dawa. Hiyo ni kemikali iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu, sembuse mafuta yaliyokamuliwa uani!

Na hilo neno "vyote" ndilo baya zaidi. Virusi vya mafua makali vina kimeng'enya kingine kabisa, cha kujibandua kwenye seli vikishazaliana humo. Hicho huzuiwa na dawa ya oseltamivir, ambayo ilianza kutengenezwa kwa asidi ya shikimi, itokayo kwenye kile kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota. Dukani humo kipo, mia tano kipakiti. Lakini asidi ile hupitishwa hatua nyingi kiwandani ndipo iwe dawa. Tieni kwenye pilau mle kwa raha zenu, mafua hayatajali.

Kwa hiyo mafuta nunueni, ya kupaka tu. Anayemeza ARV asiache hata kidonge kimoja. Kijana ana adabu, chenji hairudishi kwa pipi. Nilimwomba akibandue, akasema ni cha tajiri wake, atamfikishia. Juzi nimepita: kibandiko kipo, chupa imekuwa elfu saba.