Pantoni la Magogoni–Kigamboni: bandari nzima kwa shilingi 200

Anayetaka kuielewa bandari ya Dar es Salaam hana haja ya kukodi boti. Pantoni la Kigamboni linatosha, na mtembea kwa miguu analipa shilingi 200 tu. Kwa mandhari tunalipatia nyota tano. Kwa maelezo usitegemee kitu, maana kazi yake ni kuvusha watu.

Weka salio kwenye N-Card, kadi ya kulipia nauli, mapema, kwani wengi hukwama dirishani na siyo getini. Asubuhi watu humiminika kutoka Kigamboni kwenda mjini, jioni hurudi, kwa hiyo saa nne hadi saa nane mchana ndiyo nafasi nzuri. Ukitoka Magogoni simama kulia, huko ndiko bandari iliko. Kushoto ni mlango wa bahari.

Mwenye gari aangalie maji kwanza. Yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, pantoni hushuka sana na njia ya kupandia huwa kali. Gari la chini hukwaruza bampa. Panda na gia ya kwanza, polepole, na usimfuate wa mbele kwa karibu. Ucheleweshaji mwingine hauepukiki: meli kubwa ikiingia au kutoka, pantoni linasubiri, kwa sababu mlango ni mmoja na ni mwembamba.

Wembamba huo una historia yake. Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala hapa walizamisha chelezo chao cha kuelea, cha kutengenezea meli, ili kuwazibia Waingereza njia. Manowari yao wenyewe, Königsberg, ilikuwa imeshatoka kwenda baharini, ikakosa pa kurudi na ikaishia kwenye delta ya Rufiji, ilikozama 1915. Abiria wengi huvuka hapa kila siku wakiwa wameinamia simu.

Inua macho. Paa la vigae vyekundu ni kanisa la Azania Front, lililokamilika 1902. Kabla yake palikuwa na mji wa Sultani Majid wa Zanzibar wa miaka ya 1860, na kabla ya Majid, wavuvi wa kijiji cha Mzizima. Kreni unazoziona mbali ni za juzi tu: hadi miaka ya 1950, zilipojengwa gati tatu za kwanza za maji marefu, meli zilitia nanga katikati na mizigo ikashushwa kwa matishari.

Nyuma ya kreni hizo ndiko Kurasini, na hapo ndipo safari hii inapouma. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na Taasisi yao ya Msumbiji huko miaka ya 1960, ikisomesha vijana waliokimbia ukoloni wa Wareno. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, la kupeleka mafuta Ndola nchini Zambia, kilomita 1,710, na matangi yakazidi kuota katikati ya makazi. Baadaye nyumba zenyewe zikaanza kuondoka. Wakazi wa Shimo la Udongo walilipwa fidia wakapisha mradi wa kituo cha biashara. Fidia hulipia tofali na bati. Jirani wa miaka thelathini, msikiti wa karibu, mteja wa genge, hivyo havikadiriwi na mthamini yeyote, na watu waliotawanyika hivyo hawakusanyiki tena.

Kwa hiyo usirudi na pantoni. Ukishuka Kigamboni chukua daladala au bajaji hadi Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, mita 680, kisha livuke kwa miguu. Lina njia ya watembea kwa miguu. Beba maji na kofia, kivuli hakuna. Kutoka juu utaona mkono wa bahari na mikoko yake na Kurasini ya leo, maghala na malori. Simu iache mfukoni ukiwa karibu na gati au Ikulu: kupiga picha bila ruhusa kutakuletea maswali ya walinzi. Ukifika Kurasini, kaa kwa mama ntilie, agiza chai, na umuulize mzee yeyote nani alikuwa anaishi pale palipo na ukuta.